Vipande Vyeusi vya Sinia la Tanas

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Hafia Tonyuk anabomoa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, sinia la mbao limelala mapajani mwake juu ya gunia lililokunjwa. Anatoa ncha ya chuma kwenye makaa, anaigusisha kwenye kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, anahesabu polepole hadi saba. Gundi inalainika. Anakibandua kwa kisu, na kipande kinaangukia kwenye bakuli la bati. Hicho ni cha kumi na tisa. Vimebaki ishirini na tisa. Leo ni Alhamisi, na harusi ni Jumapili.

"Usinisemeshe nikiwa na chuma cha moto," anamwambia mwandishi bila kuinua macho. "Nikiteleza, sinia limeungua, na mimi nimekwisha."

Hafia, mwenye umri wa miaka 57, hutia njumu masinia ya mbao katika kijiji cha Yavirets, juu ya mji wa Kosiv katika milima ya Karpati. Shemeji yake Onufri, kaka wa marehemu mumewe, ndiye hukereza masinia kwa mti wa mpea. Hafia huchora duara kwa bikari, huchimba vishimo vyembamba kwa patasi, kisha huvijaza vipande vya miti ya rangi nyingine: mplamu kwa wekundu, mti wa mtoni kwa weupe, na mti mweusi wowote atakaoupata.

Sinia moja humla siku kumi na moja na kumpa hryvnia elfu nne na mia tano. Akishamgawia Onufri na kununua kuni, hazibaki nyingi.

"Zinabaki za kunikasirisha," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Sinia lililo mapajani mwake ni la harusi. Mama wa bwana harusi husimama nalo mlangoni likiwa na mkate, akawapokea maharusi. Baadaye hutundikwa ukutani, mkabala na mlango, na hapo hukaa maisha yote ya ndoa. Aliyeliagiza ni Yustina Palychuk, mjane wa bonde la pili, kwa ajili ya mwanawe wa pekee, Tanas. Kijana huyo amepewa ruhusa ya siku kumi kutoka vitani. Jumanne anarudi huko.

Shida ilianza na gogo. Mwanzoni mwa mwezi Onufri alimletea kipande cha mpea mkongwe, cheusi hadi kiini, weusi wa kung'aa ambao Hafia hakuwahi kuupata hata kwa kuchemsha mti siku nzima. Hakuuliza umetoka wapi. Alikata vipande arobaini na vinane, akavipanga kwenye ukingo wa sinia kama meno, na alipomaliza alilisimamisha mezani akala ugali wake wa mahindi na malai akilitazama.

"Nilijisikia vizuri mno," anakiri. "Miaka thelathini na moja nafanya kazi hii, sikuwahi kujisikia hivyo."

Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, mzee anayetengeneza parapanda ndefu za wachungaji wa kondoo alimshika Onufri bega. Akamuuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kupuliza parapanda: ule mpea wangu wa radi umekufaa?

Watengeneza parapanda huutafuta mti uliopigwa na radi. Wanasema una sauti ndani yake. Lakini hakuna mtu wa milima hii anayeuingiza mti huo nyumbani. Haujengewi paa, haufanywi mlango, hata kuni zake haziwashwi jikoni. Huita radi nyingine, wanasema, na radi hiyo huja kwa mwenye nyumba.

Onufri alirudi akiwa mwekundu kama kitunguu.

"Shemeji, nyamaza tu," alimsihi. "Vipande vyenyewe vidogo hivi. Nani atajua?"

"Wewe unajua, mimi najua, na yule domo la parapanda anajua. Hapo umeshamaliza kijiji kizima."

"Yeye hajui kama uliutia kwenye sinia."

"Na mimi je? Mimi sijui?"

Jumatatu nzima Hafia alilipiga sinia msasa ambao halikuuhitaji. Alijiambia kwamba ni upuuzi wa wazee. Alijiambia pia kwamba kama angenyamaza, Yustina angefurahi, Tanas angepokewa vizuri, na kazi yake bora ingetundikwa mahali pa kuonekana. Kila alilojiambia lilikuwa kweli, na bado alishindwa kula.

"Nilimfikiria yule kijana huko aliko," anasema. "Halafu nikafikiria kitu kimempata, Mungu apishe mbali, na mimi nimekaa hapa na siri yangu. Ningemtazamaje mama yake?"

Jumanne alivaa koti, akalifunga sinia kwenye shuka, akapanda kilima.

Yustina alikuwa akikanda unga. Alilitazama sinia, akajifuta mikono, akaligusa kwa kidole kimoja, akasema ni zuri kupita kiasi. Hapo ndipo Hafia alipomweleza.

Wanawake wote wawili wanasimulia kilichofuata kwa namna moja. Yustina aliurudia unga wake, akaukanda mara mbili tatu, akauacha.

"Mbona umeniambia?" aliuliza mwishowe. "Si ungeniacha tu, Hafia?"

"Nilitaka kukuacha. Nimeshindwa."

"Mimi siamini mambo hayo."

"Hata mimi sijui kama naamini."

"Lakini akishaondoka," Yustina alisema, "kila radi itakaponguruma nitalitazama lile ukutani. Nitalitazama tu, dada. Sitaweza kujizuia."

"Basi navitoa."

"Vyote? Kufikia Jumapili?"

"Wewe kanda mkate wako. Sinia niachie mimi."

Ndiyo maana leo anabandua alichokibandika. Sinia jingine halipatikani, kwa sababu mpea hukaushwa darini miaka miwili kabla ya kukerezwa, na lililokuwa limekauka ni hili moja. Kila kishimo akishakitoa kipande hukikwangua gundi, na kila akikwangua ukingo unakonda. Akizidisha, utapasuka.

Kufikia saa nane mchana bakuli limejaa. Onufri anachungulia mlangoni, kofia mkononi.

"Nivitupe mtoni, shemeji?"

"Mrudishie mwenyewe, yule wa parapanda. Mwambie avitie kwenye parapanda, na siku nyingine aseme kabla, si baada."

Mapengo anayajaza kwa mjozi kutoka uani kwake, mti ambao yeye mwenyewe aliuona ukikatwa. Ni wa kahawia tu. Jioni ya Ijumaa anaposhindilia kipande cha mwisho kwa nyundo ya mbao, analiinua sinia dirishani na uso unamshuka kidogo. Anasema wazi kwamba halifiki lile la kwanza, na kwamba linamuuma.

"Weusi ule sitaupata tena," anasema. "Na ningeupata, ningeuuliza kwanza umetoka wapi."

Jumamosi asubuhi Yustina anakuja kulichukua mwenyewe. Analigeuza, anapitisha kiganja ukingoni, anavihesabu vipande kwa midomo bila sauti. Kisha anauliza kama kuna mpea mbichi, kwa sinia jingine.

"La nini tena?" anauliza Hafia.

"La ubatizo. Watazaa, si watazaa?"

Onufri anawapeleka uani kwenye magogo yaliyopasuliwa wiki hii. Yustina anazunguka, anayagonga moja moja, anauliza kila moja lilisimama wapi na lilianguka vipi. Anachagua la mti ulioota kando ya zizi la Onufri, ambao Hafia aliufahamu tangu alipoolewa. Wanalibeba watatu kwa ngazi hadi darini na kulilaza kwenye mbao.

"Litakuwa tayari lini?" Yustina anauliza, bado ameweka mkono juu yake.

"Miaka miwili. Nikilipasha moto, mwaka mmoja na nusu."

"Usilipashe moto," Yustina anasema. "Liache likauke lenyewe. Tanas atakuja kulichukua."