Daraja la Kondoo

Mzee Yakobo wa Katumba Songwe alikuwa mtu wa kudharau. Hakudharau kwa kelele. Alidharau kwa pua, kwa mguno mfupi uliomfanya mwenzake ajione debe tupu. Kwake, mafundi wa Kyela mjini walikuwa wabandika matope. Mhubiri akirefusha maneno, Yakobo alitazama dari kama mtu anayekagua kazi mbovu. Watu walimvumilia kwa sababu ujana wake wote aliutumia kwenye reli, huko milimani juu ya Mbeya, katika gengi la kukarabati madaraja. Mtu aliyewahi kuning'inia kwa kamba juu ya korongo akikaza nati, walisema, mwacheni ajivune.

Binti yake Lusungu aliolewa Uingereza. Alipojifungua mtoto wa kwanza alimwita baba yake akamwone mjukuu, na Yakobo akaenda baada ya kuvuna mpunga, akimwacha mkewe na shamba la kakao.

Aliyoyakuta huko hayakumridhisha. Chai ilikuwa maji ya kunawia mikono. Ndizi zilifungwa kwenye mfuko kama dawa, na ukizila hujui umekula nini. Mkwewe, Mwingereza mrefu mpole, alishinda amembeba mtoto kifuani kwa mbeleko yenye vifungo. Yakobo alimtazama, akaguna. Alimtazama mtoto pia, akasema ana kichwa kidogo.

Lusungu alimwona baba amenuna, akatafuta la kumfurahisha.

"Baba, Jumamosi tunakupeleka kwenye daraja. Ni la zamani sana, miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa kujengwa kwa ajili ya reli. Nimelitafuta kwa ajili yako."

Jumamosi hiyo Yakobo alinyoa ndevu bila kukumbushwa.

Waliacha gari kando ya barabara, wakakatiza malisho. Daraja lilikuwa tao moja la mawe ya kuchonga, juu ya kijito ambacho mbuzi wa Katumba Songwe angekiruka bila kujikunja. Hapakuwa na reli wala mataruma. Juu yake nyasi zilikuwa zimeota, na kondoo wamejilaza wakicheua. Chini, wazee wenye fulana za rangi moja walikuwa wamepiga magoti, wakikwangua ukoga wa kijani kwenye mawe kwa burashi ndogo kama za meno.

"Treni inapita saa ngapi?" Yakobo aliuliza.

"Haipiti, Baba. Iliacha kupita kabla babu yake huyu hajazaliwa," Lusungu alisema, akimwonyesha mumewe.

"Na hawa?"

"Wanalitunza. Wanajitolea tu."

Mzee mmoja aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akawajia. Lusungu alimweleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa reli, fundi wa madaraja huko Afrika. Uso wa yule mzee ulichangamka. Akauliza mgeni analionaje daraja lao.

Yakobo alijibu kwa Kiswahili. "Mwambie hili ni daraja la kondoo. Kwetu daraja lisilovusha kitu huitwa ukuta. Na mtu mzima anayeupigia magoti ukuta, kwao hakuna mpunga wa kupalilia?"

Lusungu akatabasamu. Akamgeukia mzee, akamwambia kwa Kiingereza kwamba baba ameguswa sana, kwamba maishani mwake hajaona kazi ya kupendeza kama hii.

Kitu ambacho Lusungu hakukijua ni kwamba Yakobo alikisikia Kiingereza vizuri. Alikipata kazini, kwa kukaripiwa na mainjinia, na nyumbani hakuwa na wa kumsemesha kwa lugha hiyo. Yule mzee alipomshika mkono kwa mikono yake miwili, Yakobo aliuchomoa.

"Sikusema hivyo," alisema kwa Kiingereza, polepole. "Nimesema ni daraja la kondoo."

Lusungu aliinamisha uso. Mkwe akaanza kumfunga mtoto vifungo vilivyokwisha kufungwa. Yule mzee naye alicheka mpaka akakohoa.

"Mke wangu husema hivyo hivyo," alisema, "ila yeye hutumia maneno mabaya zaidi. Na la kwako, bado linapitisha treni?"

"Linapitisha," Yakobo alijibu, kifua mbele.

"Huwa unakwenda kuliona?"

Yakobo akageuka, akawatazama kondoo. Tangu astaafu hajawahi kwenda hata mara moja.

Ndani ya gari Lusungu alisema, "Umeniaibisha, Baba."

"Mimi? Wewe ndiye uliyeyafunika maneno ya baba yako kama mtu anayefunika shimo la choo wageni wakija."

"Nimeyafunika kwa sababu nimechoka. Tangu nikiwa mdogo, kila nilichokuonyesha umekiguna. Nilifaulu, ukaguna. Nimeolewa, umeguna. Nikasema labda daraja. Angalau daraja."

Yakobo alitaka kumwambia kwamba lile halikuwa daraja. Akatazama nje.

Siku zilizobaki alikaa kama mgeni, akishukuru kila sahani. Kwenye uwanja wa ndege Lusungu alipiga goti kumuaga, mbele ya Wazungu wote wale, kama alivyofunzwa na mama yake. Yakobo alimgusa mtoto utosini.

"Kichwa chake kitakua," alisema. Lusungu akaziba mdomo kwa kiganja, na baba hakujua kama analia au anacheka.

Kyela, kwenye mashine ya kukobolea mpunga, wanaume walimzunguka wasikie habari za Ulaya. Akawapa za kondoo na burashi. Amon, mwenye mashine, alicheka hadi akashika tumbo.

"Kumbe Wazungu nao wajinga. Wazee wazima kusugua mawe."

Yakobo alimgeuzia ile pua yake. "Wewe ukifa, Amon, nani atakwangua hata kutu ya mashine hii? Nyamaza."

Wakabaki wanatazamana. Hawakuelewa mzee yuko upande gani.

Mpunga ulipokwisha kukobolewa alipanda basi la Mbeya, bila kumwambia mtu anakwenda wapi. Alirudi kesho yake jioni, akaketi jikoni na kumweleza mkewe kwamba daraja lake la milimani limepakwa rangi ovyo, nati zimerukwa, na vijana waliofanya kazi ile hawafai hata kuchunga bata. Alianza kuzitaja nguzo moja baada ya nyingine, mpaka ugali ukapoa.