Madoa ya Saruji Uani kwa Mama Mkwe

Inasemwa hapa mtaani kwamba mdogo wangu aliharibu ua wa mama mkwe wake kwa sababu alikuwa amelewa. Wengine, wenye huruma ya mdomoni, wanasema hakulewa, ila macho yamekwisha. Mdogo wangu hajawahi kuonja pombe, na macho yake huona ufa kwenye ukuta wa jirani kabla mwenye nyumba hajauona. Baba yetu hakutuachia shamba wala gari, alituachia jina. Marehemu mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa sifa za bure, alikuwa akilitaja jina hilo kwa heshima. Basi nimeketi kuandika, ili atakayesema tena aseme akijua kwamba anasema uongo.

Mdogo wangu ni mwashi. Wanamwita Sindano, kwa kuwa akijaza mianya kati ya mabamba ya mawe utadhani anashona nguo ya bibi harusi. Kutandika mawe uani wanaweza wengi. Kujaza mianya bila kuchafua uso wa jiwe ndiko kunakowatoa watu jasho, maana jiwe la rangi ya asali linalotumika huku kwetu hufyonza kama mkate uliochovywa kwenye chai. Saruji mbichi ikisambaa juu yake, huacha ukungu mweupe usiotoka. Kwa hiyo Sindano huchanganya mchanga na saruji kwa maji machache mno, kiasi kwamba ukiufinya mchanganyiko unashikamana na kiganja kinabaki kikavu. Huushindilia katika mwanya kwa chuma chembamba, kidogo kidogo. Chembe zinazoangukia jiwe hazigusi. Huziacha zikauke, kisha huzifagia kwa burashi laini.

“Chembe kavu ni mgeni,” husema, “ataondoka mwenyewe. Ukiilowesha, umepata mpangaji.”

Ni fundi wa kweli, lakini upole wake umepita kiasi. Tangu utotoni, akikanyagwa mguu, yeye ndiye huomba radhi.

Sasa, msimamizi wa zahanati alikuwa akitafuta mtu wa kutandika ua wanaposubiri wagonjwa. Alisikia kwamba Sindano anamalizia ua wa mkwewe, akasema atapita kuutazama ukishakauka. Kazi ile ingemtoa mdogo wangu kwenye vibarua vya kuziba nyufa na kumweka mahali ambapo kila mtu mjini angekanyaga kazi yake. Sote tulilijua hilo, mama mkwe akiwamo.

Mama mkwe huyo ni mtu wa usafi. Mgeni akiinuka kitini kwake, kiti hufutwa kabla hajafika mlangoni. Siku ya kujaza mianya nilikuwapo, nimeketi barazani na wifi yangu, mke wa Sindano. Sindano alikuwa amepiga magoti juu ya kipande cha godoro, anashindilia. Nyuma yake, mama mkwe, na ndoo, na kitambaa kinachochuruzika maji. Kila chembe iliyoanguka, aliifuta.

“Mama, pumzika,” Sindano alimwambia.

“Nipumzike na uchafu huu? Wewe shona, mimi nafua.”

“Zikikauka nitazifagia mwenyewe, Mama.”

“Zikikauka! Uchafu unangojwa ukauke?” Akamgeukia binti yake. “Na wewe vyombo unavisubiri vikauke ndipo uvioshe? Haya ndiyo mnayofundishana huko kwenu?”

Wifi alitazama vidole vya miguu yake.

Nilimwona Sindano akigeuka na kuuona weupe ulioanza kutanda kwenye jiwe. Chuma kilisimama mkononi. Nikajua sasa atasema. Wapi! Alibeba godoro lake, akahamia pembe ya pili ya ua, mbali na ndoo. Ndoo ikamfuata.

Nikashuka mimi. “Mama, nasikia saruji haipendi kulowa mapema.”

“Mwalimu, si imechanganywa na maji hayo hayo? Ugomvi wao umeanza lini?”

Ualimu ndiyo kazi yangu, na jibu nilikuwa nalo. Lakini mama mkwe wa ndugu yako hajibiwi kama mwanafunzi. Nilimvuta Sindano kando ya tangi la maji.

“Mwambie aache.”

“Dada, nimwambie mama mkwe aache?”

“Kwa adabu!”

“Adabu nimeshaimaliza. Umebaki ukali, na ukali kwake siuwezi.”

Akarudi kupiga magoti. Nilitamani kuipiga teke ile ndoo. Nilikumbuka umri wangu, nikarudi kuketi.

Ua ulipokauka, kila bamba lilikuwa na michirizi myeupe iliyopinda, kama meza iliyofutwa na mtoto mvivu. Mianya yenyewe ilikuwa imenyooka, imeshiba, haina kasoro. Nani aangalie mianya? Msimamizi wa zahanati alifika, akainama, akapitisha kidole kwenye jiwe.

“Fundi, ukungu huu ni wa nini?”

Sindano alimtazama mama mkwe, aliyesimama mlangoni.

“Ni saruji, bosi. Imesambaa. Kazi ni yangu.”

Hapo ningevumilia. Lakini mama mkwe alidakia: “Nilimwambia! Nilimwambia asiache uchafu. Kama si mimi kupita nyuma yake nafuta, mngekuta balaa.”

Na mdogo wangu akaitikia, “Kweli, Mama.”

Msimamizi alishukuru kwa chai, na kazi ya zahanati akampa mwingine. Waliosikia wakajiuliza fundi kama Sindano anachafuaje mawe, wakajijibu wenyewe: kalewa.

Njiani nilimfokea hadi sauti ikakauka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kazi nitapata nyingine, Dada. Yule ni mama wa mke wangu.” Nikamuuliza jina letu atalipata wapi jingine. Akahamisha mfuko wake wa vifaa kutoka bega moja hadi jingine, akaendelea kutembea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kama mama mkwe alikuja kuelewa alichofanya, na kama alimwambia mkwewe neno lolote, hayo ni ya nyumba ile. Msinivizie sokoni, wala msinivute kando msibani. Sisemi.