Mkono wa Kulia wa Kaka

Kaka yangu alirusha ndege ya kunyunyizia mashamba dawa kwa miaka ishirini na miwili, hakupata hata mchubuko. Kisha zikaja droni, naye akarudishwa nyumbani kwa barua ya nusu ukurasa. Akakonda. Alikuwa akiosha gari lisilo na vumbi mara mbili kwa siku, na mimi roho inaniuma.

Ndipo ranchi moja ikamwambia alete cheti cha kurusha jairokopta, kile kidege kidogo kama helikopta, apewe kazi ya kukagua uzio kutoka angani. Mimi ni fundi wa ndege kwenye uwanja alikokwenda kujifunza, nikamtania: "Kaka, kidude chenyewe viti viwili na pangaboi kichwani! Kitakushinda?" Nilijifanya mjuaji, mpumbavu mimi.

Pangaboi hilo halizungushwi na injini. Linazungushwa na upepo unaopanda kutoka chini yake. Ukisukuma usukani mbele kwa ghafla, upepo unakatika, pangaboi linapoteza kasi, na hapo huna la kufanya ila kuanguka. Pua ikipanda, unapunguza mafuta tu na kuutuliza usukani. Lakini kwenye ndege ya kawaida, pua ikipanda vibaya unasukuma mbele, ndiyo salama yako. Kaka alijiokoa hivyo mara ngapi, hata mwenyewe hajui.

Mwalimu wake, binti mkali wa umri wa mwanawe, alimwambia siku ya kwanza: "Mzee, bora ningemfundisha muuza duka. Wewe una mengi ya kusahau."

Basi kaka akawa anakaa jikoni kwenye kigoda, mpini wa ufagio katikati ya magoti ndio usukani. Shemeji anamenya vitunguu, mara anapaza sauti: "Upepo!" Mkono wa kushoto unapunguza mafuta, wa kulia unatulia tuli. Mara mia, bila kukosea hata moja. Tulicheka sana siku hizo.

Jana lilikuwa somo la mwisho kabla ya kuruhusiwa kuruka peke yake. Wakiwa juu ya miti, upepo ukainua pua, na mkono ukasukuma. Mwalimu akauwahi. Ilikuwa mara ya nne mwezi huu.

Walipotua, mwalimu hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba," alimwita hivyo kwa mara ya kwanza, "siwezi kusaini. Nikisaini, nitakuja kukuzika."

"Najua," kaka akasema. "Nikifikiria, naweza. Nikishtuka, mkono unanikimbia."

Nikamrudisha kwake. Nyumbani akakaa mezani, akashika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Shemeji, ambaye hakuwa na habari, akatokea nyuma yake na sahani, uso umejaa furaha.

"Upepo!"

Kikombe kikaruka mbele, chai ikamwagika meza nzima. Shemeji akacheka, akanitazama, kicheko kikamwishia mdomoni.

"Huu ndio uliotulisha," kaka akasema, akiutazama mkono wake. Kisha akauingiza chini ya paja, akaukalia.