Nyuki Wasio na Asali

Swali ni lile lile kila mwaka: asali iko wapi? Majirani zangu wa Moshono wakiona vifungu vya matete na vipande vya mlingoti wa mkonge nilivyoning'iniza chini ya paa, huuliza hivyo, na nikiwajibu kwamba nyuki hawa hawatengenezi asali hunitazama kwa huruma, kama mtu anayefuga kuku wasiotaga. Siku hizi nawaacha. Zamani nilibishana na kila mtu, maana nina hasira za karibu, na hasira hizo zilinigharimu kitu ambacho hadi leo sijazoea kukikosa.

Nyuki ninaowasema ni wale weusi, wanene, wenye kishindo. Hawaishi kwa kundi. Kila jike hutoboa tundu lake katika mti mkavu na laini, akaweka chavua, akataga, akaziba, basi. Hana malkia wala askari wa kumlinda, na ukimsogelea atakuzunguka kwa kelele nyingi kisha aende zake. Kwa miaka yote nimeumwa mara moja tu, tena nilikuwa nimemkalia. Lakini watu wengi huwaita manyigu na kuwaua kwa ndala.

Wasichojua ni kwamba pasheni ya njano haizai vizuri bila hao. Ua lake hufunguka mchana na jioni limeshafumba. Nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini anakunywa utamu wake na chavua haimgusi. Mweusi akiingia, mgongo wake unasugua kila kitu, akaenda na chavua hadi mti wa pili. Ua lisilotembelewa siku hiyo linanyauka na kudondoka. Halingoji kesho.

Baba yangu alikuwa na shamba la kahawa na migomba upande wa Makumira, na mwaka mmoja alianza kuligawa. Kwetu binti huolewa akaenda. Mimi niliolewa, nikaenda, nikarudi. Kaka yangu mkubwa alikitaka kipande cha chini karibu na barabara ili ajenge vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo, na katika kikao cha familia hakuna aliyempinga. Mama aliingia na sinia ya chai. Mwanamke hakuwa na neno katika kikao kile, lakini alisimama hapo hapo mlangoni na sinia mikononi akasema, "Huyu binti ana mkono wa shamba. Mpeni kile kipande."

Wazee walitazama chini. Baba alichukua kikombe kwenye sinia, kisha akaamua. Nipande. Pasheni ikizaa msimu wa kwanza, kipande ni changu. Isipozaa, kaka anajenga.

Nilipanda. Mashina yalishika, yakapanda kwenye waya, yakajaa majani. Lakini weusi hawakuwapo. Kila mti mkavu wa eneo lile ulikuwa umeshakuwa kuni, na wakulima walipiga dawa wakati wowote walipotaka. Ndipo nilipokusanya milingoti mikavu ya mkonge, nikaikata vipande, nikavifunga kwenye fremu ya mbao katikati ya shamba, nikasubiri. Baada ya majuma kadhaa niliona unga wa mti chini ya kipande kimoja, laini na wa njano. Niliruka kama mtoto. Jike alikuwa ndani anachimba.

Nilikuwa nashona nguo mjini, Levolosi, kwa hiyo nilifika shambani Jumamosi tu. Kila Jumamosi unga uliongezeka na matundu yaliongezeka. Na kila Jumamosi nilikuta kitu kingine. Kwanza ilikuwa alama za viatu vya mtu aliyepima kipande kwa hatua, kutoka mpaka hadi mpaka. Safari iliyofuata vigingi vinne vilikuwa vimechomekwa nje kidogo ya uzio. Kisha yakaanza kuja matofali. Lundo lilikuwa upande wa kaka na sikuwa na haki ya kusema, lakini kila nikirudi lilikuwa refu zaidi, na maua yangu yalikuwa bado machanga. Nilianza kuogopa Jumamosi.

Ile niliyoiogopa ilifika maua yakiwa mengi kuliko siku zote. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu tangu asubuhi. Niliingia shambani saa saba mchana, wakati ambao mvumo wa wale nyuki husikika kabla hujawaona, nikasikia mbwa wa jirani tu. Maua yalikuwa wazi mamia kwa mamia na hapakuwa na kitu juu yake. Halafu nikasikia harufu, na ilikuwa harufu ya gereji.

Milingoti yote ilikuwa myeusi. Ilikuwa imepakwa oili chafu, ile ya injini, kuanzia juu hadi chini, na mpakaji hakuwa na haraka, maana kila tundu lilikuwa limejazwa. Chini ya fremu nilikuta jike mmoja mbawa zimegandana, bado anatembea. Wengine walikuwa ndani pamoja na watoto wao.

Hasira hasara, tunaambiwa tangu utoto, lakini sikukumbuka. Nilikwenda mbio hadi kwa kaka, nikamkuta anakula na mkewe, nikamwita muuaji na mwizi, majirani wakatoka. Kaka aliweka kijiko chini. "Dada, sijui unasema nini," alisema. "Ila kesho tukitoka kanisani utayasema hayo hayo mbele ya baba. Usipunguze hata neno."

Nilirudi kwa mama. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, na aliponiona uso wake ukang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeiona miti yako? Bungua walikuwa wanaimaliza! Nilikwenda kukupalilia nikakuta unga chini. Nikasema, mwanangu yuko mjini, mali yake inaliwa. Nimeipaka oili yote, na matundu nimeyajaza kwa kijiti."

Kucha zake zilikuwa nyeusi. Kila nguzo ya zizi letu hupakwa oili chafu ili isiliwe na wadudu; yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kupaka nilipokuwa mdogo. Nami, niliyembishia kila mtu habari za nyuki, sikuwahi kukaa na mama yangu nikamweleza kile kilichokuwa ndani ya ile miti. Nilidhani anajua.

"Asante, mama," nilisema. Nikachukua kisu nikamsaidia kumenya.

Usingizi haukuja. Baba ni mgumu lakini ni mtu wa haki. Ningemwambia ilivyokuwa, angeniongezea msimu mmoja, hilo nilikuwa na hakika nalo. Lakini ningelisema mbele ya wale wazee, na mama akiwa mlangoni. Wangesema, mnaona mwanamke akipewa nafasi ya kusema? Na yeye angejua kwamba mkono wake mwenyewe ndio ulioninyang'anya kipande alichoniombea.

Baada ya ibada tulikaa. Baba aliniambia niseme. Nilimwomba kaka msamaha, nikasema nilimsingizia kwa hasira. Baba akauliza, "Na nyuki?"

"Wamehama, baba. Sijui kwa nini."

"Na pasheni?"

"Haitazaa."

Kaka aliitazama mikono ya mama pale mlangoni, kucha zikiwa bado nyeusi, akanitazama mimi. Baba alishusha pumzi. "Basi," alisema, na wazee wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Nilikwenda jikoni kuaga. Mama alikuwa amenipa mgongo. Nilidhani analia, nikamshika bega, akauondoa mkono wangu taratibu.

"Nilisimama mbele ya wanaume kwa ajili yako," alisema. "Wewe umeshindwa kusimama hata kwa ajili yako mwenyewe. Hukupigana hata kidogo. Afadhali ningenyamaza."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limefika kwenye meno.

"Nisamehe, mama," nilisema. Alichukua ndoo akaenda kumkamua ng'ombe.