Kuku ya Mama Kwenye Mazuku

Mimi shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Lakini somo moja sijalisahau, na wajukuu wangu na diplome zao hawanishindi hapo.

Mwalimu wetu wa sayansi tulikuwa tunamuita Sitwayeni, yaani raia, ndivyo walimu walivyoitwa wakati wa Zaïre. Siku moja akasema atatupeleka kwenye mazuku. Hayo ni mashimo katikati ya mawe ya volkano. Mbuzi akiingia humo anakufa bila kidonda. Sisi tulisema ni mashetani. Yeye akasema ni gazi tu, hewa ya sumu. Nani ataleta kuku tuijaribu? Mukono wangu ukawa wa kwanza kupanda. Kiherehere!

Mama akakubali, lakini akasema: "Kuku yangu ya mayai haiende masomo peke yake."

Kesho yake akaja mwenyewe, kuku kwapani, kikwembe amekikaza kiunoni kama mutu anaenda kupigana. Darasa lote kucheka. Mimi nikatafuta pa kuficha uso.

Pale kwenye shimo Sitwayeni akashusha bujie, mushumaa unaowaka, ameifunga kwenye kamba. Ilipokaribia chini, ikazimika kama mutu ameipuliza. Wote tukarudi nyuma.

"Hii gazi ni nzito," akasema. "Inalala chini kama maji kwenye beseni. Sasa, kuku."

"Anza wewe," mama akamujibu.

Hata Sitwayeni akacheka. Mama akamutia kuku ndani ya kikapu, akashika kamba yake kwa mikono yake mwenyewe. Kuku akashuka, akatazama huku na huku, akafungua mudomo kama muzee mwenye usingizi kanisani, shingo ikalala.

"Umeona, mama? Chini pale hewa ya kupumua..."

"Nitaona kuku yangu ikisimama!"

Alikuwa ameshavuta kamba. Akamulaza juu ya jiwe, akampepea na ncha ya kikwembe, anamutukana: "Amka, muvivu wewe, mayai nani ataatamia?" Hata unyoya haukutikisika. Nikaanza kufikiri nitalala wapi jioni hiyo.

Mara jicho moja likafunguka. Kuku akasimama, akayumba kama mulevi wa kasiksi, akarukia mukono wa Sitwayeni na kumunyea abakosti, koti yake ya pasi.

Tulicheka mpaka machozi. Sitwayeni akajipangusa, akasema darasa lote litapata pointi.

"Na kuku yangu?"

"Ishirini juu ya ishirini, mama."

Mimi nilipata kumi na mbili. Tangu siku hiyo, mugeni akifika kwetu, mama alimuonyesha kuku kwanza, halafu mimi.