Eti Watu wa Katavi Hatuna Siri

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Mpanda, nikisubiri kupima. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyetoka kata ya Mwamkulu, kadi yake kaishika kwa mikono miwili. Mbele yetu mafundi wawili, dada mmoja na bosi wake, walikuwa wanabishana kuhusu waya wa faiba unaopeleka taarifa za wagonjwa kutoka kituo cha data cha hapa kwenda kingine mkoa wa jirani.

"Bosi, tuzifunge taarifa kwa msimbo kwenye mitambo ya pande zote mbili," dada fundi alisema. "Mtu akiunga waya wake njiani, asisome kitu."

Bosi akacheka. "Huko porini nani ataunga? Ziende hivyo hivyo. Kwanza watu wa Katavi wana siri gani?"

Yule mama akanigeukia. "Baba, majibu yangu nayo yanapita humo?"

Kabla sijajibu, akafunga kadi kwenye pindo la kanga, akaondoka bila kupima.

Nilipandwa na hasira. Nikamwomba bosi simu yake nisome meseji zake. Akaitia mfukoni haraka. "Hizi ni zangu!"

"Na majibu ya yule mama ni ya nani?" dada fundi akamuuliza.

Bosi akaagiza, na kabla ya mchana msimbo ukawashwa. Mitambo ilikuja na uwezo huo tangu kiwandani. Kilichokosekana ni heshima. Sasa bosi huyo huyo aende Mwamkulu, tena kwa miguu, akambembeleze mama arudi kupima.