Bi Vifungo na Pasi Isiyo na Mwenyewe

Bi Vifungo alipoletewa chai mezani pake bila kuomba, alijua kuna jambo. Aliitazama ile chai kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Sukari ya kutosha, kikombe kimefunikwa kisahani, na aliyeileta ni Kola, mshona kola, mtu ambaye hata njia ya kupita kati ya vyerehani huwa anaitoa kwa shingo upande.

"Kunywa, bibi, kabla haijapoa."

"Umetia nini humu?"

"Mapenzi tu."

"Mapenzi yako nayajua. Mkeo kila siku analia nayo."

Walicheka wote chumbani, lakini kicheko chenyewe kilikatika upesi mno, kama uzi mbovu. Bi Vifungo akakisogeza kikombe pembeni, akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya jina lake. Aliingia katika kile chumba cha kushona sare akiwa na mtoto mgongoni, mumewe ameaga kwamba anakwenda kununua betri za redio, na mpaka leo hizo betri hazijapatikana. Kwa vifungo alilea, kwa vifungo aliozesha. Kila kifungo alichokishona alikivuta kwa meno kabla ya kukiacha, na watu wa mtaani walikuwa wakisema nguo yako itachakaa ikaisha, kifungo cha bibi bado kipo. Pasi hakuishika kamwe. Vifungo vya plastiki na pasi haviivi chungu kimoja, kwa hiyo alikaa dirishani, mbali na moto.

Na taabu yote ilikuwa ya pasi. Mle ndani pasi ni moja, ya wote. Anayeihitaji huichukua, akimaliza humwachia mwenzake. Jana yake, wakati wa kufunga kazi, umeme ulikatika ghafla. Mmoja wao alikuwa ameishika. Akailaza kifudifudi juu ya rundo la makoti ya wahudumu wa hoteli, maana pasi isiyo na umeme ni chuma tu, nani ataihofia? Hakuna aliyekumbuka kuizima ukutani. Walipapasa mikoba yao gizani, wakatawanyika. Umeme uliporudi, hapakuwa na mtu. Mlinzi alipoona moshi, makoti yalikuwa yametoboka yote, kutoka la juu mpaka la chini, na meza nayo imekula moto.

Asubuhi bosi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha. "Aliyeiacha pasi aondoke," alisema. "Mchana nitarudi. Msiponiambia ni nani, mnaondoka nyote. Mafundi wamejaa huko nje."

Kola akasema pasi alikuwa nayo Mkasi, mkata vitambaa. Mkasi akasema yeye alishamwachia binti. Binti akaapa kwamba mara ya mwisho aliiona mkononi mwa Kola. Huyo binti ndiye mshona mikono, mtoto wa kaka yake Bi Vifungo, na ni Bi Vifungo mwenyewe aliyempigia magoti bosi mpaka akapata kazi. Wakawa wanatazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akimwinda mwenzake mdomoni.

Halafu ndipo ilipokuja ile chai. Baada ya chai, Mkasi akamletea mto wa kukalia. Na baada ya mto akaja binti, akachuchumaa miguuni pake.

"Shikamoo, shangazi. Mguu unaendeleaje?"

Bi Vifungo akaacha sindano hewani. Mtoto huyu siku zote humwamkia huku anatembea.

"Marahaba. Mguu upo. Haya, semeni. Mmenizunguka kama mnataka kunipima jeneza."

Binti akainamisha macho. Mkasi, ambaye maneno hayamwishi, ndiye aliyesema. "Bibi, hebu fikiria. Kola ana watoto watano. Huyu ananyonyesha. Mimi namuuguza mama. Wewe wako wamekua, na ulishasema mwenyewe unataka kupumzika. Ukisema ni wewe, unaondoka mmoja, sisi watatu tunabaki. Usiposema, tunaondoka wote, na wewe ukiwemo. Sasa umeokoa nini?"

Kilichomuuma Bi Vifungo ni kwamba hakuona pa kulishika neno hilo apate kulivunja. Lilikuwa kweli tupu. Lakini ukweli huo ulikuwa umepangwa, na waliupanga lini, na nani aliuanzisha?

"Nani alinitaja kwanza?"

Kola akaanza kutafuta uzi ambao ulikuwa shingoni mwake.

"Shangazi," binti akanong'ona, "ni kwa ajili ya mtoto."

"Wewe ndiye uliyeacha pasi?"

"Sijui. Wallahi sijui. Giza lilipoingia nilikuwa nimeshika kitu. Sikumbuki ni kitu gani."

Bi Vifungo alimtazama sana. Uso ule alikuwa ameuosha mwenyewe ukiwa mdogo, na sasa hakuweza kuusoma. Huenda kweli hajui. Huenda anajua, na amechagua uongo ambao hauwezi kupekuliwa.

"Sikilizeni," alisema mwishowe. "Kazi nitawapa. Jina langu sitoi. Nikitoka hapa nitashona vifungo nyumbani kwangu. Nani atamwachia nguo zake bibi aliyechoma makoti ya watu?"

"Bosi hatakubali!" Mkasi akaruka.

"Hilo niachieni mimi."

Bosi aliporudi, Bi Vifungo alimfuata hadi ofisini, akafunga mlango.

"Wamenichagua mimi," alisema.

"Wewe hushiki pasi."

"Ndiyo maana nakuuliza, mwanangu. Unamtaka aliyechoma, au unataka mtu tu?"

Bosi akajikuna kidevu. "Mwenye hoteli anataka kusikia kuna mtu ameondoka."

"Basi mwambie ameondoka. Usimwambie amechoma. Ukisema nimechoma, nitapita kwa kila mteja wako, nimweleze nilikokuwa nimekaa na pasi ilikokuwa."

Bosi akaitikia kwa kichwa, akakubali, na Bi Vifungo akaona amekubali kwa wepesi wa mtu aliyekuwa akingoja tu mlango wowote ufunguke.

Alirudi chumbani kuaga. Akawaambia wamebaki, na kwamba hakuna aliyetajwa. Akawapa mkono mmoja mmoja, akiushika kila mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akisikiliza kwa ngozi. Mkono wa Kola ulikuwa umelowa jasho. Wa Mkasi nao umelowa. Wa binti ulikuwa baridi na umelowa kuliko yote.

"Shangazi, Jumapili utakuja kumwona mtoto?"

"Nitakuja," alisema, akijifuta kiganja. "Mtoto amenikosea nini?"

Alipotoka, alisimama kidogo nje ya mlango. Hakuna cherehani hata kimoja kilicholia. Kisha akamsikia Kola akiuliza taratibu, "Sasa niambieni ukweli, aliyeiacha pasi alikuwa nani?"